Bure Yenye Tarehe ya Mwisho

Sensa ya Agosti 2022 ilipokwisha, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu Watanzania havikurudi ghalani kungoja miaka kumi mingine. Serikali iliamua vigawiwe walimu. Haukupita muda mrefu, mwalimu wa shule ya umma, awe Mbagala au Nyasubi mjini Kahama, akawa na kifaa ambacho hakukiomba wala kukichangia.

Kwa anayefuatilia miradi ya elimu, mambo hapa yalikwenda kinyumenyume. Tumezoea andiko la mradi litangulie: linapitishwa, semina elekezi inafanyika, mgeni rasmi anakata utepe, halafu vifaa vinasubiriwa mpaka watu wanasahau vilikuwa vya nini. Safari hii kifaa kilitangulia, na swali la kukifanyia nini likaachwa kwa mwenye nacho. Kazi za dhahiri zilijipata zenyewe: maandalio ya somo, vitabu vya maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kujaza alama, na bila shaka kundi la WhatsApp la walimu. Lakini lipo wazo jingine ambalo halikosi kwenye mazungumzo ya TEHAMA shuleni, nalo lina mvuto wake: mwalimu aingie mtandaoni, achague kikaragosi, akivalishe nguo na miwani, akiandikie maneno, nacho kifungue kinywa na kuanza kufundisha. Tena bure.

Wazo lenyewe halina ubaya. Mtoto wa darasa la tano akiona katuni ikizungumza, shingo inanyooka hata ya yule wa dawati la nyuma kabisa. Shida iko kwenye hilo neno la mwisho.

Tuangalie zilizotangulia. Xtranormal ilipendwa sana na walimu wa nje kwa sababu kazi ilikuwa kuandika mazungumzo tu, wahusika wakayaigiza wenyewe kwa sauti zao za kimashine. Ilifungwa mwaka 2013. GoAnimate, iliyoanza 2007, ilipata wafuasi wengi mashuleni, kisha ikageukia wateja wenye fedha, yaani makampuni, na mwaka 2018 ikabadili jina kuwa Vyond. Voki, ya vichwa vinavyozungumza, ilipendwa na walimu wa lugha. Ikaja siku ambayo haikuchagua tovuti: tarehe 31 Desemba 2020 kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia Flash, teknolojia iliyokuwa ikiendesha katuni na michezo mingi ya mtandaoni, na wiki mbili hivi baadaye ikaifungia kabisa isifanye kazi. Kazi nyingi za walimu na wanafunzi, zilizotengenezwa kwa saa na saa, zikageuka kuwa kisanduku cha kijivu kwenye kioo.

Hakuna aliyewadhulumu. Walikuwa wapangaji wasio na mkataba. Katuni yao haikuwa kwenye kompyuta yao. Ilikuwa kwa mwenye tovuti, na mwenye tovuti alikuwa na hesabu zake. Mradi wa shule unaandikwa kwa miaka mitatu au mitano. Tovuti ya bure inaweza kubadilika katikati ya muhula: leo unapakua kazi yako, kesho unaruhusiwa kuitazama tu, keshokutwa inadai kadi ya benki. Kwa hiyo mtu anapokuja na mpango wa katuni darasani, swali langu la kwanza huwa moja: ikishatengenezwa, inakaa wapi, na mwalimu akipewa uhamisho kwenda Ushetu, anayebaki ataipata kwa nani?

Nyasubi ni mahali pazuri pa kulijaribia swali hilo, kwa sababu visingizio vya kawaida havina nguvu hapo. Si kijiji cha porini. Ni kata ya mjini, ndani ya Manispaa ya Kahama, mji wa mchele, malori ya kwenda Rwanda na Burundi, na wanunuzi wa dhahabu. Nguzo za umeme zipo, minara ya simu ipo. Ukisikia mradi wa kidijitali umelala mahali kama hapo, usikimbilie kusema hakukuwa na mtandao.

Kinachoukwamisha ni vitu vidogo ambavyo andiko la mradi haliviandikii mstari. Kipindi ni dakika arobaini. Toa za kuingia na kutulia, toa za kuhakiki mahudhurio, toa za kutafuta ekstensheni na kugundua kwamba iko kwa mwenzako wa mkondo B. Bando analinunua mwalimu kutoka mfukoni mwake, na katuni inayocheza moja kwa moja kutoka mtandaoni hulila bando hilo upya kila inapofunguliwa, hata kama ni ileile ya jana. Mwanafunzi haruhusiwi simu shuleni, kwa hiyo darasa zima linategemea kioo kimoja cha ukubwa wa daftari. Tuseme wanafunzi ni tisini. Walio mbele wanaona katuni, wa katikati wanaona mwanga, wa nyuma wanawaona wenzao wakiona. Na wanaokumbuka mgao wa umeme wa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 hawahitaji kuambiwa kwamba nguzo kuwapo ni jambo moja na umeme kuwamo ni jingine.

Halafu kuna picha zenyewe. Ingia kwenye maktaba ya vikaragosi vya tovuti hizo utafute mandhari ya somo lako. Utapewa basi la shule la njano, theluji, jiko la vigae, ofisi ya ghorofani. Utatafuta karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, hulioni. Duara, yaani shimo la mchimbaji, hulioni, mwalo wa kuoshea mchanga wa dhahabu huuoni, wala mama anayeanika mpunga kwenye turubai kando ya barabara. Mwalimu anaishia kulibadili somo lifanane na picha zilizopo. Anataka kufundisha maji ya kisima. Anafundisha maji ya bomba la chuma linalong'aa.

Nchi hii imejaribu mambo ya jamii hii kabla. Kuanzia 2007 mradi wa BridgeIT, ulioitwa kwa Kiswahili Elimu kwa Teknolojia, ulipeleka masomo mafupi ya video kwa njia ya simu katika shule 150 za msingi: mwalimu alishusha somo kwenye simu ya Nokia, akaiunganisha na televisheni ya darasani. Ulikuwa umetangulia wakati wake. Cha kuangalia ni kwamba somo liliposhuka lilikuwa limeshuka. Lingeweza kuonyeshwa tena wiki ijayo bila kumwomba mtu ruhusa.

Miaka kumi baadaye, Tanga ikawa uwanja wa shindano la Global Learning XPRIZE. Vijiji 170, watoto ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuingia darasani, na vishikwambi vyenye programu za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Washindi wawili, onebillion ya Uingereza na Kitkit School, walitangazwa Mei 2019 na kugawana dola milioni 10. Magazeti yaliandika zaidi juu ya fedha na juu ya Elon Musk aliyezitoa. Mimi nilivutiwa na mambo mawili yaliyoandikwa kwa herufi ndogo. Kwanza, programu hazikutegemea intaneti, na kila kijiji kilikuwa na kituo cha kuchajia kwa jua chini ya mtu wa kijijini hapohapo. Pili, sharti la shindano lilikuwa kwamba programu zilizofika fainali ziwekwe wazi, yeyote azichukue, azifungue, azibadili. Yaani waandaaji walikwishajiuliza itakuwaje wao wakiondoka. Sharti hilo lilikuwa na thamani kuliko vishikwambi vyote vya Tanga, kwa sababu kishikwambi kina betri na betri hufa.

Mfano wa karibu zaidi ni Ubongo, shirika la Dar es Salaam lililoanzishwa 2013. Ubongo Kids ilianza kurushwa na TBC mapema 2014, katuni ya hesabu na sayansi kwa Kiswahili, na mtazamaji aliweza kujibu maswali kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida. Baadaye ikaja Akili and Me kwa wadogo wa chekechea. Siri ya Ubongo, nionavyo, haiko kwenye uchoraji peke yake. Wachoraji wazuri wapo wengi. Walichagua njia za kupitishia zilizokwishakuwapo sebuleni na dukani: televisheni, redio, simu ya vitufe. Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona kuanzia Machi hadi Juni 2020, njia hizohizo ndizo zilizosimama, wakati mipango ya madarasa ya mtandaoni ilikuwa bado inatafuta nywila.

Ila Ubongo inatengenezwa na studio. Mtoto wa Nyasubi ni mtazamaji, na kutazama kuna kikomo chake. Kuna mambo ya Kahama ambayo hakuna studio itakayoyachora, kwa sababu si ya mtaala wa taifa zima, lakini ni ya uhai wa mtoto wa huko.

Chukua zebaki. Ukanda huu kutoka Kahama kwenda Kakola hadi Geita umejaa wachimbaji wadogo, mbali na migodi mikubwa ya Bulyanhulu na Geita, na Buzwagi uliokwisha kufungwa. Mchimbaji mdogo anasaga jiwe kwenye karasha, anaosha unga mwaloni, anautia zebaki ili ikamatane na chembe za dhahabu, anaikamua kwa kitambaa, kisha anachoma lile donge kwenye moto. Zebaki inaondoka kama mvuke, dhahabu inabaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Anayeuvuta hapaliwi wala hakohoi papo hapo. Unaingia mapafuni, unapita kwenye damu, unaharibu mishipa ya fahamu taratibu, na mtoto huumia zaidi ya mtu mzima. Mwaka 2013 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto katika machimbo madogo ya dhahabu baada ya kutembelea maeneo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, na zebaki ilikuwa katikati ya ripoti hiyo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki mwaka 2020.

Sasa mwambie mtoto kwamba kuna sumu asiyoiona. Amemwona mjomba akichoma donge lile tangu azaliwe, na mjomba ni mzima, ana pikipiki. Mabango ya onyo hayana nguvu dhidi ya mjomba. Hapa ndipo katuni inapoonyesha kazi ambayo ubao na chaki haviwezi kuifanya: kukipa umbo kisichoonekana. Nukta za kijivu zinainuka kutoka kwenye karai, zinaelea juu ya ua, zinapita kwenye nguo zilizoanikwa, zinaingia puani kwa mtoto anayecheza kando, zinashuka, zinakaa. Nusu dakika tu. Mtoto akishaliona hilo, karai la mjomba halitakuwa tena karai la jana.

Nusu dakika hiyo haihitaji tovuti yoyote. Inahitaji karatasi, mkasi, kamera ya kishikwambi na programu moja ya kuunganisha picha, ambayo inashushwa mara moja na baada ya hapo haidai bando. Hesabu yake ni hii: filamu ya sinema hutumia picha 24 kwa sekunde, lakini katuni ya karatasi inakubalika hata kwa picha 6. Sekunde 30 ni picha 180. Mtu mmoja atachoka nayo. Wanafunzi tisini wakikaa kwa makundi, kila kundi na sehemu yake, kundi moja linachora karai, jingine linasogeza nukta, jingine linahesabu na kupiga picha, ni kazi ya alasiri mbili za klabu ya masomo. Si ya kipindi cha dakika arobaini, na mpango unaodai hivyo umeandikwa na mtu asiyejua kengele ya shule. Lakini wingi wa darasa, ambao kwa kikaragosi cha mtandaoni ulikuwa kikwazo, hapa unageuka kuwa mikono.

Na sauti? Kampuni ya Microsoft inazo sauti za kompyuta za Kiswahili cha Tanzania, Daudi na Rehema, na za Kenya, Rafiki na Zuri. Zinasoma vizuri kuliko tulivyozoea miaka ya nyuma, na kwa mwanafunzi asiyeona ni msaada mkubwa. Ila kwa katuni ya zebaki ya Nyasubi ningemchagua mtoto wa darasa la sita mwenye sauti ya Kisukuma ndani ya Kiswahili chake. Wenzake watamcheka kwanza, kisha watamsikiliza. Daudi hachekwi, kwa hiyo hasikilizwi hivyo.

Wapo watakaosema kikaragosi cha mtandaoni kina faida moja ambayo karatasi haina: mtoto anajificha nyuma yake. Hili ni la kweli na ni zito. Shinyanga, iliko Kahama, ni mkoa ambao utafiti wa afya na demografia wa 2010 uliutaja kuwa juu kuliko yote nchini kwa ndoa za utotoni, asilimia 59. Msichana wa darasa la saba hatasimama mbele ya darasa aseme kilichozungumzwa nyumbani kuhusu ng'ombe na posa. Kikaragosi kinaweza kusema. Lakini Wasukuma hawakusubiri intaneti kulijua jambo hili. Katika mashindano ya ngoma kati ya makundi ya Bagika na Bagalu, manju wa zamani walitumia sanamu za mbao, nyingine zenye mikono inayochezeshwa, na sanamu iliweza kufanya mbele ya umati yale ambayo mtu mzima mwenye heshima zake asingethubutu. Vifaa vya ngoma hizo vimehifadhiwa katika Makumbusho ya Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza. Kikaragosi cha boksi la sabuni kilichofungwa kijiti ni mjukuu wa sanamu hiyo. Msichana akikishika, anayesema ni boksi.

Tena boksi halichukui taarifa zake. Tovuti za katuni zinataka jina, barua pepe, wakati mwingine sauti na sura ya mtoto, na nyingi zinasema kwenye masharti yao marefu kwamba aliye chini ya miaka 13 asijisajili bila idhini ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu watoto hawa pia. Mwalimu anayewasajili wanafunzi kwa mpigo, kwa nia njema kabisa, anaweza kuwa amegawa majina ya darasa zima kwa kampuni asiyoijua iliko.

Sizikatai programu zote za mtandaoni. Scratch, programu ya kutengenezea katuni na michezo iliyotoka MIT mwaka 2007, ni ya bure kwa namna nyingine: ina Kiswahili, ina toleo la kuweka kwenye kompyuta na kutumia bila intaneti, na kazi ya mwanafunzi ni faili anayoweza kuihamisha kwa flashi. Flash ilipozikwa, Scratch ilikuwa imekwishahama tangu Januari 2019. Shule ya sekondari yenye chumba cha kompyuta ianzie hapo. Kwa shule ya msingi yenye kishikwambi cha mwalimu, karatasi na mkasi vinatosha kwa sasa.

Linabaki suala la fedha, na Kahama si mahali pa kulia fedha haraka. Tangu Sheria ya Madini irekebishwe mwaka 2017, kampuni ya madini inatakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana juu yake na halmashauri. Mipango ya namna hii hupenda vitu vinavyosimama: madarasa, madawati, zahanati, ukuta. Naelewa, jengo linapigwa picha. Chumba cha kompyuta nacho kinapigwa picha, na ndiyo maana vyumba vya kompyuta ni vingi kuliko watu waliopangiwa kuvifungua. Sijawahi kuona utepe ukikatwa mbele ya memori kadi.

Na bado, ukiniuliza mradi wa katuni wa kata nzima ya Nyasubi uandikwe vipi, ningeweka memori kadi mstari wa kwanza. Kadi mbili kwa kila shule, moja kwa mwalimu wa taaluma na nakala ofisi ya afisa elimu kata, kila katuni iliyokamilika inaingia humo siku hiyohiyo na jina la darasa lililoitengeneza. Mstari wa pili, spika ndogo ya kuchaji, kwa sababu darasa la tisini linaweza kukosa picha likavumilia, lakini likikosa sauti linaanza kelele zake. Wa tatu, projekta moja ya kuzunguka shule za kata kwa zamu, yenye mtu mmoja anayewajibika nayo kwa jina. Wa nne, chai na nauli ya walimu wawili kwa kila shule kukutana mara moja kwa mwezi chini ya utaratibu wa MEWAKA, ule wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, waonyeshane walichofanya badala ya kusomewa kwenye slaidi. Bando liwe mstari wa mwisho na dogo kuliko yote, la kushushia programu mara moja. Katika safu ya matokeo, pale ambapo kwa kawaida huandikwa idadi ya walimu waliohudhuria, iandikwe idadi ya katuni zilizomo kwenye kadi, na mkaguzi akija aombe kuziona.